Brauza imekubali, Excel inagoma: geti la mtandao, faili za ofisi na njia ya panya tuliyoifungua wenyewe

#1 (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Huu uzi nimeuahirisha sana ila wiki hii nimeulizwa kitu hiki hiki na watu wawili tofauti inbox, mmoja yuko Arusha mwingine Zanzibar, kwahiyo bora niuweke hapa kila mtu asome. Utakuwa mrefu, kaa na chai yako.

Wale mnaosimamia mifumo maofisini hii hali mtakuwa mnaijua. Una seva ya nyaraka ndani (sisi ni SharePoint, sio ya mawinguni, ipo kwenye chumba chetu wenyewe) na mbele yake umeweka geti, yaani ile proksi inayosimama mlangoni, mtu akiwa nje ya ofisi haifikii seva mpaka geti limjue kwanza, anaweka jina, anaweka paswedi, halafu namba sita za kwenye simu. Ukijaribu kwa brauza inapita kama maji. Unawatangazia wafanyakazi kwamba sasa mnaweza kufanya kazi popote mlipo, na halafu simu zinaanza.

Simu ya kwanza kwangu ilikuwa ya dada mmoja wa uhasibu. Saa mbili kasorobo usiku, yuko Kigoma kikazi, kesho yake asubuhi bajeti inasubiriwa makao makuu. Ananiambia kaka samahani kwa usiku huu, faili langu limeharibika. Nikamwambia nipigie picha skrini nzima nitumie WhatsApp. Picha ikaja. Excel iko wazi, juu pameandikwa jina la faili la bajeti sawasawa kabisa, lakini ndani hakuna bajeti. Seli ya A1 ina jina la taasisi yetu, chini yake kidogo "Jina la mtumiaji", chini tena "Nenosiri", na seli nyingine pembeni "Umesahau nenosiri?". Yaani Excel ilikuwa imefungua ukurasa wetu wa logini na kuumwaga kwenye seli kama jedwali.

Faili lake lilikuwa zima. Lilikuwa kwenye seva halijaguswa na mtu. Kilichotokea ni kwamba Excel ilienda getini peke yake, geti halikuitambua, likaipa ukurasa wa logini, na Excel ikadhani hiyo ndiyo bajeti.

Hapa ndipo wengi tunapokosea kuelewa, na mimi nilichukua muda. Wewe umelogini kwenye brauza. Excel haijawahi kulogini popote. Ukibonyeza faili kwenye SharePoint, brauza inachofanya ni kuiita Excel na kuipa anwani, basi. Ukitaka kuona kwa macho yako angalia linki yenyewe, iko hivi:

ms-excel:ofe|u|https://nyaraka.mfano.local/uhasibu/bajeti.xlsx

Hiyo "ofe" ni agizo la kwamba fungua kwa ajili ya kuhariri, "u" ni kwamba kinachofuata ni anwani. Hakuna kuki humo (kile kitambulisho ambacho geti linaipa brauza mtu akishalogini), hakuna tokeni (kibali cha kidijitali), hakuna chochote kinachosema huyu mtu alishapita getini dakika mbili zilizopita. Ni sawa na wewe umepewa beji ya mgeni pale mapokezi ukaingia, halafu ukamwambia mdogo wako aliyebaki nje akufuate, mlinzi atamsimamisha tu, na mlinzi hana kosa.

Zamani kidogo hii ilikuwa inafichika. Enzi za Internet Explorer, hiyo brauza na Office vilikuwa vinachota kuki kwenye stoo moja ya Windows, kwahiyo kama geti limetoa kuki ya kudumu (sio ile inayokufa ukifunga brauza) basi Word inaikuta pale inaitumia, na mtu hajui kama kuna kitu kimefanyika. Watu wakahamia Chrome na Edge ambazo kila moja ina stoo yake, Internet Explorer yenyewe Microsoft wakaistaafisha 15 Juni 2022, na ule ujanja ukaisha. Ofisi nyingi zilianza kuona hili tatizo kipindi hicho wakadhani ni apdeti imeharibu kitu.

Nitaendelea, ngoja niswali kwanza.

#2

Mkuu pole sana na asante kwa uzi. Ila mbona hili ni rahisi, unaenda kwenye sera za geti unaweka kwamba kila ombi linalojitambulisha kama Microsoft Office lipite moja kwa moja bila kuulizwa, maana seva ya ndani nayo si ina paswedi yake. Sisi tumefanya hivyo mwaka wa pili huu na hakuna malalamiko.

#3 (mleta uzi)

Kaka hapo #2, nakuomba sana usome hii post yote na kesho asubuhi ukifika ofisini ukafute hiyo sera kabla hujanywa chai. Naongea kwa heshima kabisa, kwasababu hicho ulichoandika ndicho tulichofanya sisi. Baada ya ile simu ya Kigoma bosi alitaka suluhisho siku hiyo hiyo, tukafungua njia ya panya, malalamiko yakaisha palepale, tukapongezwa.

Njia ya panya ni njia ya panya hata kama wewe ndiye uliyeichonga. Jina ambalo programu inajitambulisha nalo kwenye ombi ni maandishi tu, mtu yeyote anaandika anachotaka. Siku moja nikakaa nyumbani, laptopu nimeunga kwenye data ya simu yangu, nikaandika hivi kwa curl (amri ya kutuma ombi kwa seva bila brauza, -A ndiyo jina unalojitambulisha nalo):

curl -I -A "Microsoft Office Protocol Discovery" https://nyaraka.mfano.local/uhasibu/

Jibu likarudi 401 (jithibitishe kwanza) na chini yake WWW-Authenticate: NTLM, njia ya zamani ya Windows ya kumtambua mtu kwa paswedi. Mwili ulinisisimka. Ile haikuwa sauti ya geti, ilikuwa seva ya ndani kabisa inaongea na mimi nje, inaniomba jina na paswedi. Ukurasa wa logini sijauona, namba sita za simu sijaulizwa, sheria ya kufunga mtu akikosea mara kadhaa ambayo tuliiweka kwenye geti haipo njiani. Kila kitu tulichonunua na kusumbua watu nacho kilikuwa kinarukwa na neno moja kwenye ombi.

Na unaposema seva ya ndani ina paswedi yake, fikiria paswedi zenyewe. Majina ya watumiaji yanajulikana, ni jina la kwanza nukta ubini, yapo kwenye kila barua pepe. Mtu akikaa nje anajaribu paswedi moja moja kwa kila jina, mojawapo itakuwa jina la mtoto na mwaka. Na hata asipopatia bado ameshakuumiza, maana akikosea mara tano akaunti inafungwa ndani ya domeni nzima (mfumo wa akaunti zote za ofisi), mfanyakazi anakuja asubuhi hawezi hata kuingia kwenye kompyuta yake. Sisi ndivyo tulivyoshtuka. Jumatatu asubuhi watu kadhaa wa idara moja wamefungiwa kwa mpigo, kila mmoja anaapa hajakosea paswedi, na walikuwa wanasema kweli. Nilipofungua logi za geti nikakuta maombi ya usiku wa Jumapili yote yamebeba jina la Office na yote yanatoka nje ya nchi.

Kwenye ile seva kuna mishahara, kuna mafaili ya wafanyakazi yenye hali za afya, kuna namba za NIDA. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika 1 Mei 2023, na anayetunza taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda, hawezi kujitetea kwamba malalamiko yalikuwa mengi. Lakini hata sheria isingekuwepo, yule dada wa uhasibu ameniamini na mshahara wake na historia ya matibabu yake. Hiyo kwangu inatosha.

#4

Dah. Mkuu nimejaribu hiyo curl sasa hivi kwenye ya kwetu. Imerudi 401 NTLM. Naomba utuelekeze njia sahihi, na utuwekee jinsi ya kuona hayo maombi maana mimi logi za geti sina ruhusa nazo, zinashikwa na idara nyingine.

#5 (mleta uzi)

Pole mkuu, bora umeijua leo. Twende taratibu.

Kuona kwanza. Chukua kompyuta moja ya majaribio, weka Fiddler (programu ya kutazama maombi ya mtandao yanayotoka kwenye mashine), washa ile ya kufungua usimbaji ili uone ndani ya HTTPS (itaweka cheti chake cha muda kwenye hiyo mashine, ukimaliza kitoe, na usifanye kwenye mashine ya mtu mwingine). Kisha bonyeza faili la Word kwenye brauza na uangalie. Kabla Word haijaomba faili lenyewe inatuma kwanza ombi la OPTIONS kwenye folda, hapo inajiita Microsoft Office Protocol Discovery, inauliza wewe seva unajua mambo gani, naweza kuhariri hapa au kusoma tu. Halafu inakuja HEAD kwa jina la Microsoft Office Existence Discovery, inataka kujua faili lipo kweli. Ndio GET inafuata, ombi la faili lenyewe.

Sasa geti ambalo halijapangwa likiona OPTIONS isiyo na kuki linafanya lile linalofanya kwa brauza, linajibu 302, nenda ukurasa wa logini. Brauza ikiambiwa hivyo inamwonyesha mtu fomu. Word haina pa kuonyesha fomu, inafuata tu anwani mpya, inapewa 200 (yaani sawa, pokea) na ukurasa wa HTML, inasema haya faili ndilo hili. Hapo ndipo bajeti ya Kigoma ilipogeuka fomu.

Jibu lake lipo, na wala sio jipya. Microsoft wana protokali inaitwa MS-OFBA, maelezo yake wameyachapisha wazi, kazi yake ni moja tu, kuifanya Office ijue kwamba hapa panahitajika fomu. Inavyokwenda ni hivi. Office ikituma ombi inaambatanisha heda hii (mstari wa maelezo unaosafiri na ombi):

X-FORMS_BASED_AUTH_ACCEPTED: t

Maana yake mimi naelewa habari za fomu, niambie. Geti likiona hiyo heda na halioni kuki, LISIJIBU 302. Lijibu 403 (umekataliwa), na ndani ya hiyo 403 liweke heda tatu:

X-FORMS_BASED_AUTH_REQUIRED: https://nyaraka.mfano.local/geti/ingia
X-FORMS_BASED_AUTH_RETURN_URL: https://nyaraka.mfano.local/geti/tayari
X-FORMS_BASED_AUTH_DIALOG_SIZE: 800x600

Ya kwanza ni ukurasa wa logini uko wapi, ya pili ni ukurasa gani mtu akifika ujue amemaliza, ya tatu ukubwa wa dirisha. Word ikipata hiyo inafungua dirisha dogo juu yake, mtu anaona fomu ile ile aliyoizoea, anaweka jina, paswedi, namba sita, geti linatoa kuki, linampeleka kwenye anwani ya "tayari", dirisha linajifunga lenyewe na Word inarudia ombi lake safari hii ikiwa na kuki mkononi. Mtu amejulikana kwenye brauza na kwenye Word pia, na hakuna tundu lililotobolewa.

Mnaona tofauti na ile sera ya #2? Zote zinaanza kwa kuitambua Office. Ile inasema ni Office, ipite. Hii inasema ni Office, iulizwe kwa lugha inayoielewa. Mtu akidanganya kwamba yeye ni Office anachoambulia ni 403 na anwani ya fomu, ambayo angeipata hata kwa brauza.

Mageti mengi yanayouzwa yana hii tayari kama kisanduku cha kuweka tiki, mengine unaandika sheria mwenyewe. La kwetu ilibidi tuandike. Sheria yenyewe mistari haizidi ishirini, kilichotuchukua wiki mbili ni mitego mitatu ambayo nataka niwaokoe nayo.

Mtego wa kwanza ni anwani ya kurudi. Geti letu lilikuwa na tabia, mtu akimaliza kulogini linampeleka kwenye ukurasa wa mwanzo wa portal, wenye matangazo na picha ya mkurugenzi. Kwahiyo dirisha la Word linafunguka, mtu analogini, halafu anabaki anaangalia matangazo ndani ya Word na dirisha halifungi, maana Word inasubiri anwani ya "tayari" na haijaiona. Lazima geti likumbuke kwamba huyu amekuja kwa mlango wa Office na limpeleke pale pale palipoandikwa kwenye heda ya pili.

Wa pili ni kuki imetolewa kwa jina gani. Ukurasa wetu wa logini ulikuwa kwenye anwani moja na nyaraka kwenye anwani nyingine. Kuki iliyotolewa na mlango A haiendi mlango B. Mtu analogini vizuri kabisa, dirisha linafunga, sekunde moja baadaye linafunguka tena, anazunguka hivyo mpaka anachoka. Tukaleta ukurasa wa logini chini ya jina lile lile la nyaraka, ikaisha.

Wa tatu huu ndio ulinikosesha usingizi. Faili linafunguka, mtu anahariri, akisevu anaambiwa ni la kusoma tu. Kumbe ukaguzi wa geti ulikuwa unaruhusu GET na POST tu, vingine vyote unavitupa kwa kudhani ni uvamizi. Office haiishi kwa GET na POST. WebDAV (njia ya kuhariri faili moja kwa moja kwenye seva) ina PROPFIND, LOCK, UNLOCK, PUT, hizo zote ni za halali, na kuhariri kwa pamoja kunapita kwenye njia ya /_vti_bin/cellstorage.svc kwa POST zenye maudhui ambayo ukaguzi wa kawaida unayashangaa. Tulizifungua hizo, ila BAADA ya kuki kukaguliwa, sio kabla. Huo mpangilio usiukosee.

#6

Kaka shikamoo kwanza. Mimi nimefuata habari ya OFBA tangu mwezi uliopita kabla ya uzi huu, dirisha linafunguka kweli lakini ni jeupe. Hakuna fomu, hakuna kosa, jeupe tu. Tunatumia Office 2016. Kwenye Chrome ukurasa ule ule unafunguka vizuri.

#7 (mleta uzi)

Marahaba dada. Hilo jeupe nalijua vizuri. Lile dirisha sio Chrome wala Edge, kwenye Office 2016 ndani yake kuna injini ya zamani ya Internet Explorer, ile ile. Waliotengeneza ukurasa wenu wa logini wameuandika kwa JavaScript ya kisasa, injini ya zamani ikiufika mstari wa kwanza isiouelewa inasimama, ndio unaona jeupe.

Sisi tulifanya hivi. Kwa maombi ya OFBA pekee tukatengeneza ukurasa wa pili wa logini, HTML tupu, sehemu tatu na kitufe, hauna hata picha. Unafunguka kwenye kila kitu. Na una faida nyingine, watu wetu wa mikoani wenye data ya kubahatisha unawafungukia haraka kuliko ule mzuri. Lakini hiyo iwe ya muda wakati mnahama, maana Office 2016 na 2019 msaada wake umekwisha 14 Oktoba 2025, hazipati tena viraka vya usalama, na geti liwe zuri kiasi gani haliwezi kuokoa Word yenye tundu lake yenyewe.

#8

Wakuu na Outlook je? Maana kwetu Word imetulia ila Outlook ndio kila baada ya dakika kadhaa inaleta kisanduku cha paswedi.

#9

Naomba nimsaidie mleta uzi hapa maana barua pepe ndio kazi yangu. Outlook usiichanganye na Word na Excel. Kwenye kuvuta barua haitumii OFBA, kwahiyo ukiiwekea 403 na zile heda haitakuonyesha dirisha lolote, itakaa inauliza paswedi au ikae tu imekatika. Outlook inaongea na Exchange, seva ya barua, kwa lugha yao ya MAPI juu ya HTTP (ilikuja na Exchange 2013 SP1) na inajua mambo mawili, ama uithibitishe kwa njia za zamani za Basic, NTLM na Kerberos (paswedi au tiketi za domeni), ama utumie uthibitishaji wa kisasa wa tokeni za OAuth.

Za zamani achana nazo kwa watu wa nje. Microsoft wenyewe kwenye Exchange ya mawinguni walianza kuizima Basic 1 Oktoba 2022. Ukiwa na Exchange yako mwenyewe ndani na hutaki kuunganisha na mawingu, Exchange 2019 kuanzia apdeti ya CU13 ya 2023 inakubali tokeni zinazotolewa na AD FS yako (seva ya Microsoft ya logini unayoiendesha mwenyewe), hapo namba sita zinarudi kazini hata kwa Outlook. Na mashine zenye Office 2013 kumbuka uthibitishaji wa kisasa haukuwa umewashwa, ilibidi uweke EnableADAL iwe 1 kwenye rejista ya Windows, kuanzia 2016 umewashwa tayari.

Hicho kisanduku cha kila dakika kadhaa mara nyingi ni geti linakata muunganisho uliokaa kimya. MAPI inaacha ombi wazi kwa makusudi ikisubiri barua mpya, geti linadhani mtu ameondoka linafunga. Ongeza muda wa kusubiri kwa njia ya /mapi peke yake.

#10 (mleta uzi)

Asante sana mkuu #9, hapo kwenye muda wa kusubiri nami nimepata kitu.

Sasa niseme kuhusu uhai wa kuki, maana kuna mtu ataniuliza kwanini asiweke kuki ya mwezi mzima watu wasisumbuliwe. Kuki ndiyo mtu mwenyewe. Aliyenayo geti halimuulizi paswedi wala namba sita, tayari ameshapita. Mwaka 2023 mliona yaliyotokea na ule udhaifu wa CVE-2023-4966 kwenye NetScaler ya Citrix (nayo ni geti kama haya yetu), ule waliouita Citrix Bleed. Kiraka kilitoka 10 Oktoba 2023. Mshambuliaji alikuwa hahitaji paswedi ya mtu, anatuma ombi moja refu lililoharibiwa makusudi, kifaa kinamtapikia vipande vya kumbukumbu yake na humo mna tokeni za watu walioko ndani muda huo, anaichukua anaivaa. Walioweka kiraka bila kuua sesheni (logini) zilizokuwa hai waliendelea kuingiliwa, kwasababu tokeni zilizoibiwa kabla ya kiraka bado zilikuwa zinafanya kazi. Kwahiyo kila aliyeko hapa ajue amri ya kuua sesheni zote kwenye geti lake, aijue kwa kichwa, asiwe anaitafuta siku ya moto.

Sisi tumeweka hivi: kuki ya Office inaishi saa nane, yaani siku ya kazi. Ikikaa bila kutumika saa moja inakufa. Ni ya HTTPS tu na ni ya jina la nyaraka tu. Mtu akisimamishwa kazi au laptopu ikiibiwa, mtu wa zamu ana kitufe cha kuua sesheni za huyo mmoja bila kugusa wengine. Watu walilalamika kulogini kila siku asubuhi, wakalalamika kama wiki tatu, sasa hivi ni kama kufungua mlango wa ofisi tu.

Na nyuma ya geti mtu asiulizwe tena paswedi mara ya pili. Hilo tulilimaliza kwa Kerberos, geti limepewa ruhusa kwenye domeni ya kumwombea mtumiaji tiketi kwa seva hiyo ya nyaraka TU. Narudia tu, maana nimeona sehemu geti limepewa ruhusa ya kumwombea mtu tiketi ya huduma yoyote, hapo aliyelishika geti ameishika domeni. Na tukaizuia seva ya nyaraka isipokee muunganisho wowote wa nje usiotoka kwenye geti.

#11

Wakuu habari, mimi niko Mombasa. Kwetu watu wamezoea kufungua ile folda kama drive ya Windows kabisa, wana herufi yake kwenye kompyuta. OFBA tumeweka, Word iko sawa, lakini hiyo drive imekataa kabisa. Tunakosea wapi?

#12 (mleta uzi)

Ndugu yangu wa Mombasa hamjakosea. Ile drive haifunguliwi na Office, inafunguliwa na huduma ya Windows yenyewe inaitwa WebClient, kwenye logi utaiona inajiita Microsoft-WebDAV-MiniRedir. Hiyo haijui OFBA, haina dirisha la kuonyesha. Ilikuwa inaishi kwa kuki za Internet Explorer. Kuna sera ya Edge ya kurudisha ufunguaji wa folda kutoka SharePoint, lakini ni kiraka, na juu ya hapo WebClient ina kikomo chake cha faili la karibu megabaiti 50 mpaka ukibadilishe kwenye rejista.

Mimi ningewaambia watu ukweli tu kwamba drive kutoka nje haipo tena. Wa ndani ya ofisi abaki nayo. Wa nje afungue kwa Word au kwa brauza. Sisi wazee wa masijala walikasirika sana, nikakaa nao siku mbili mmoja mmoja nikawaonyesha jinsi ya kufungua moja kwa moja kutoka kwenye orodha ya faili za karibuni za Word, wakazoea. Siku mbili hizo zilisaidia kuliko waraka wowote niliowahi kuutuma.

#13

Samahani kurudisha nyuma, yule dada wa Kigoma usiku ule alifanyaje?

#14 (mleta uzi)

Nilimwambia funga hiyo Excel na usisevu kitu, rudi kwenye brauza, lishushe faili kwenye laptopu, lifanyie kazi hapo, ukimaliza lipandishe tena. Alimaliza saa sita usiku. Tatizo mwenzake wa Dar naye alikuwa amefungua la zamani akaongeza mistari yake, asubuhi wakakuta nakala mbili na ikabidi wakae kwenye simu kuzilinganisha mstari kwa mstari. Ndio maana siwezi kusema shusha na pandisha ni suluhisho.

#15

Mkuu mimi yule wa #4. Nimerudi. Sera ya kupitisha Office tumeifuta juzi, idara nyingine walikataa kwanza nikawaonyesha curl mbele yao. OFBA kwetu ilikuwa kisanduku cha tiki tu. Dirisha lilikwama baada ya logini, nikakumbuka mtego wako wa kwanza, ilikuwa anwani ya kurudi kweli. Sasa linafunga.

#16 (mleta uzi)

Safi sana mkuu. Nisaidie kitu kimoja, rudia curl ile ile ukiwa nje kwa data ya simu, mara moja na ile heda ya ACCEPTED na mara moja bila, uweke majibu hapa.

#17

Nimefanya sasa hivi. Nikiweka heda inarudi 403 na heda zote tatu. Bila heda inarudi 302 kwenda logini. 401 haipo popote.